Kutoka Kageye hadi Bujora

Washarika wengi wa Shinyanga na Geita tunaifahamu Mwanza kwa hospitali ya Bugando, kwa samaki na kwa stendi ya mabasi. Anayekwenda kutembea hupiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck, hula sato, hurudi nyumbani. Hakuna ubaya. Nami nimefanya hivyo miaka mingi.

Kilichonibadilisha ni swali la mzee mmoja wa usharika. Tulikuwa kwenye kikao tukizungumzia michango ya safari ya Yerusalemu, na kiasi kilichotajwa kilizidi gharama ya bati za kanisa. Mzee akasimama, akasalimu, akasema: "Baba Mchungaji, kabla hatujakwenda huko mbali, sisi watu wa ziwa hili Injili ilituingilia mlango gani?" Nilibabaisha jibu. Chuoni nilisoma habari za Wittenberg mwaka 1517 hadi nikazijua kama njia ya kisimani, lakini mlango wa kwetu sikuweza kumwonyesha. Kwa hiyo safari ya kwanza hatukuifanya Yerusalemu. Tulikodi kosta.

Mlango mmojawapo unaitwa Kageye, kijiji cha ufukweni upande wa Magu, mashariki ya Mwanza. Miaka 17 kabla ya Kageye kuandikwa vitabuni, Mwingereza John Speke aliliona ziwa akiwa juu ya kilima huku Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake, kana kwamba wavuvi waliokuwa wakiliita Nyanza walikuwa hawajaliona. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageye na msafara mkubwa, akaunganisha mashua yake iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akalizunguka ziwa. Akiwa majini, kijana wake Frederick Barker alifia kambini, akazikwa hapo hapo.

Mwaka huohuo barua ya Stanley ya kuomba wamisionari waje Buganda ilichapishwa katika gazeti la London. Chama cha CMS kikaitikia, na mwanzoni mwa 1877 watu wake wakafika Kageye. Daktari wao, John Smith, hakuvuka ziwa. Alikufa Kageye mwaka huohuo. Mwezi Desemba wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliokuwa kati ya Lukonge, mtawala wa kisiwa kile, na mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro. Waliingia katika ugomvi usio wao, nao ukawamaliza. Kisha wakaja mapadri wa Kikatoliki, ambao nao walipitia Kageye kabla ya kufika Buganda mwaka 1879.

Huku kwetu Geita tuna jambo la karibu zaidi. Tunapovuka daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya maji, tunavuka ghuba ambayo mwisho wake wa kusini palikuwa na kituo cha Usambiro. Hapo aliishi Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti, baada ya kuondolewa Buganda mwaka 1887. Alifanya kazi ya chuma, alifundisha, alitafsiri Maandiko kwa Kiganda na kuyachapa. Mwaka 1888 askofu wake, Parker, alifia Usambiro. Mwaka uliofuata Stanley alipita akamsihi waondoke pamoja. Mackay akabaki. Malaria ilimwua tarehe 8 Februari 1890. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, na huenda ndiyo sababu sisi wa upande huu tumemsahau upesi: kaburi likihama, na habari huhama.

Tukiwa ufukweni Kageye niliwaeleza vijana hayo yote. Msichana mmoja wa kwaya akauliza nani aliyeibeba ile mashua. Ni swali ambalo waandishi wa misafara hulipita haraka. Waliobeba mashua, nguo, dawa na mashine ya kuchapa Maandiko walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, babu zetu. Walikufa kwa homa ileile na kwa ndui, na wengi walizikwa njiani bila jiwe. Sitaki tumdharau Mackay ili tuwainue wao. Ila tukihesabu waliolipia Injili huku ziwani, hesabu ya Wazungu peke yao ni pungufu.

Kutoka Kageye tulikwenda Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Hapa ndipo safari ilipokuwa nzito.

Bujora ni parokia ya Kikatoliki na makumbusho ya Wasukuma mahali pamoja. Kazi hiyo ilianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na wazee na wacheza ngoma wa Kisukuma; makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1968. Kanisa lao ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na alama za utemi zimewekwa humo kumheshimu Kristo Mfalme. Kila mwaka, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wao ni wa tangu karne ya 19, hucheza mbele ya umati.

Ngoma za watemi zimehifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Serikali iliufuta utemi mwaka 1963, mwaka uleule makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT. Ngoma zilizokuwa zikiita watu vitani, kwenye msiba na kwenye mvua zikabaki bila kazi. Nyingine zilipata nafasi Bujora. Nyingine zililiwa na mchwa.

Na nyingine zilichomwa. Mimi ni shahidi, kwa maana nikiwa mchungaji mpya nilimwamuru mzee mmoja aliyetaka kubatizwa aichome ngoma ya baba yake. Ilikuwa ya bugobogobo, ngoma ya kulimia. Wala sikuuliza ni ya nini. Pale Bujora nilisimama mbele ya ngoma iliyofanana na ile, na yule mzee alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno. Aliinama akaigonga kwa ncha ya kidole.

Hatua chache mbele kuna nyumba ya mganga wa jadi, na vifaa vyake. Mama mmoja, mshiriki mwaminifu wa Meza ya Bwana, akagoma kuingia. "Baba Mchungaji, mimi humo siingii. Vitu hivi vina macho." Nikamwambia ni vibuyu na mikia ya wanyama nyuma ya kamba ya makumbusho. Hakuingia, na wanawake wengine wanne walibaki naye nje.

Njia nzima ya kurudi niliwaza hilo. Ngoma ya kulimia tuliikataza mlangoni mwa kanisa, lakini hofu ya uchawi tuliiacha ipite, ikaketi kwenye mabenchi pamoja nasi. Katika mkoa huu bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Mwaka 2007 na 2008 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kanda hii kwa kuaminiwa kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Waliokwenda kwa waganga hao wengine walikuwa na vyeti vya ubatizo. Sijui ni mahubiri mangapi niliyoyatoa dhidi ya ngoma. Dhidi ya jambo hili najua: mawili.

Mtume Paulo, tunasoma katika Matendo sura ya 17, aliizunguka Athene akaziangalia kwa makini sehemu zao za ibada ndipo akasema nao. Mimi nilisema kwanza. Wala Walutheri hatukukosa walimu: Bruno Gutmann kule Kilimanjaro alitumia ukoo na ujirani wa Wachaga kulijenga kanisa, na Howard Olson wa Makumira alikusanya tuni za nyimbo zetu katika Tumshangilie Mungu.

Juma lililopita yule mzee alikuja ofisini. Ameanza kuchonga ngoma nyingine, na anaomba ipigwe siku ya Sikukuu ya Mavuno wakati washarika wanapoleta mahindi na mpunga madhabahuni. Nimelipeleka ombi kwenye baraza la wazee. Kura ya kwanza ililingana, na kikao kimeahirishwa hadi mwezi ujao.