Ruzuku ya Mto na Ruzuku ya Serikali

Katika taarifa ya mwaka huu tumeona yafaa kueleza kwa ufupi historia ya misaada ya kilimo katika nchi ya Mto Tana, toka Bura na Hola hata Garsen, ili apimaye msaada wa leo apate kuyajua ya jana.

Ruzuku ya kwanza ya mkulima wa Tana haikutoka ofisini, ilitoka mtoni. Mvua za Mlima Kenya na Nyandarua zilipoujaza mto, maji yalipanda kingo, yakaacha tope lenye rutuba, na Wapokomo wakapanda mpunga, mahindi na ndizi pasipo kununua mbolea. Maji yalipopungua, Waorma nao walishusha mifugo yao kutoka nyika ili ipate malisho.

Serikali ilipoanza kilimo cha kumwagilia, msaada ulikuja na masharti. Skimu ya Hola ilianzishwa mwaka 1953, ikajengwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau; tarehe 3 Machi 1959 watu 11 kati yao walipigwa hata wakafa. Baada ya uhuru iliundwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, mwaka 1966. Mkulima wa skimu alikuwa mpangaji: alipewa maji, mbegu na dawa, na gharama zake zikakatwa katika fedha za pamba kabla hajazipokea. Huo ulikuwa mkopo, haukuwa ruzuku.

Mwaka 1981 wakulima wa kwanza walihamia Bura. Mwaka huohuo Bwawa la Masinga lilikamilika huko juu, nalo pamoja na mabwawa mengine ya umeme likapunguza mafuriko ya kawaida. Hivyo ruzuku ya mto ikapungua. Skimu nazo hazikudumu: mwaka 1989 mto ulibadili njia yake huko Hola, pampu zikakosa maji, na mafuriko makubwa ya 1997 yakaharibu mashamba ya mpunga ya Serikali karibu na Garsen.

Septemba 2022 Serikali ilishusha bei ya mbolea ya chumvichumvi hata Sh. 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka 2023 hata Sh. 2,500. Aliyeandikwa katika daftari la wakulima aliletewa ujumbe kwa simu, akaenda kununua ghalani. Hili ni jambo jema, nasi twashukuru. Lakini shamba la Garsen lahitaji kwanza maji yaje kwa kiasi na kwa wakati. Mwisho wa 2023 yalikuja kwa nguvu, yakazoa mazao na kukata barabara. Tena mfugaji hana haja ya mfuko wa mbolea, ingawa malisho yake yalitegemea mafuriko yaleyale.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wajiandikishe, na kila mwanamke alimaye, awe mke au mjane, aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Nayo Serikali twaiomba iwape watu wa chini ya mto habari mapema kabla maji ya mabwawa hayajafunguliwa. Na ifanyapo hesabu ya ruzuku, ihesabu pia kile ambacho mto ulikuwa ukitupa bure.