Skyrim: Jinsi ya kurejea katika vita vilivyositishwa

MCHEZAJI aliyeuacha mchezo wa Skyrim njiani na kuurudia baada ya miezi kadhaa huweza kukabiliwa na swali gumu: vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Jeshi la Dola na waasi wa Stormcloak vimekwenda wapi? Makamanda wametulia, na hakuna anayempa amri mpya.

Jibu ni kwamba vita hivyo havijafutwa. Vimesitishwa tu, na anayetaka kuviendeleza hana budi kufahamu kwanza vilisitishwa vipi na kwa sharti gani.

Skyrim, ambao kwa jina kamili ni The Elder Scrolls V: Skyrim, ulitengenezwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani na kuingia sokoni Novemba 11, 2011. Matoleo mengine yalifuata mwaka 2016 na 2021, na ndiyo maana hadi leo wapo wanaouanza upya au kuendeleza walikoishia.

Chanzo cha vita

Katika hadithi ya mchezo huo, Dola ilipigana vita na majirani zake wa Thalmor na ikalazimika kutia saini mkataba uliopiga marufuku ibada ya Talos, mungu anayependwa na wenyeji wa Skyrim. Ulfric Stormcloak, Jarl (yaani liwali) wa mji wa Windhelm, aliukataa mkataba huo. Alimkabili Mfalme Mkuu Torygg mjini Solitude na kumuua kwa kutumia nguvu ya Sauti.

Upande wa Dola, unaoongozwa na Jenerali Tullius, huyaita hayo mauaji. Wafuasi wa Ulfric wanasema lilikuwa pambano halali kwa mila za kale. Mchezo haumlazimishi mchezaji kukubali kauli yoyote kati ya hizo mbili. Humwachia achague upande, au asichague kabisa.

Aliyekimbia na Hadvar au Ralof kutoka Helgen mwanzoni mwa mchezo asidhani amekwisha kujifunga. Hata aliyekwisha kula kiapo bado ana nafasi ya mwisho ya kubadili msimamo katika jukumu la The Jagged Crown. Baada ya kulipata taji hilo katika magofu ya Korvanjund, anaweza kulipeleka kwa upande wa pili. Baada ya hapo mlango huo hufungwa.

Kwa nini vita husimama

Wakati vita vikiendelea, joka Alduin anatishia kuiangamiza dunia nzima. Ili kumfikia, mchezaji hulazimika kumnasa joka mwingine, Odahviing, ndani ya ngome ya Dragonsreach mjini Whiterun. Jarl wa mji huo hukataa kuruhusu mtego huo wakati maadui wanasubiri nafasi ya kumvamia.

Hapo ndipo huja jukumu la Season Unending. Pande mbili hukutana katika monasteri ya High Hrothgar, chini ya usimamizi wa wazee wa Greybeards, na kukubaliana kusitisha mapigano hadi Alduin atakapoondolewa.

Mkutano huo si wa maneno matupu. Kulingana na hali ya vita, Ulfric huweza kuudai mji wa Markarth, au Tullius akaudai Riften, na upande unaopoteza hutaka fidia. Mchezaji ndiye mwamuzi. Miji anayoigawa hapo hubadilisha ramani ya vita, na atakapovirudia atavikuta vikiwa na mipaka tofauti na ile aliyoiacha.

Hatua za kufuata

Kwanza, fungua orodha ya majukumu na uangalie yaliyokamilika. Ukiliona jina la Season Unending, tambua kwamba uko ndani ya kipindi cha mapatano. Kwenda kwa makamanda wakati huo hakutasaidia.

Pili, maliza hadithi kuu. Mnase Odahviing, naye atakubeba hadi Skuldafn, penye mlango wa kuingilia Sovngarde, makao ya mashujaa waliokufa. Huko ndiko Alduin hushindwa kabisa, na kwa kushindwa kwake mapatano nayo hukoma.

Tatu, rudi kwa wakuu wa upande wako. Tullius na Legate Rikke wako Castle Dour mjini Solitude. Ulfric na Galmar Stone-Fist wako katika kasri la Windhelm. Ambaye hakuwahi kujiunga na upande wowote anaweza kufanya hivyo wakati huo.

Nne, kama mapigano ya Whiterun yalikwisha kufanyika, Rikke au Galmar huweza kuwa ametoka mjini na kuhamia kambi ya kijeshi porini. Fuata alama ya jukumu kwenye ramani badala ya kumsubiri mjini.

Tano, hifadhi mchezo katika faili la peke yake kabla ya kila hatua kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ambaye hajafika kwenye mkutano ana njia nyingine: kuvimaliza vita kwanza. Akifanya hivyo, mkutano wa High Hrothgar hautafanyika, kwa kuwa hakuna tena pande mbili za kupatanisha. Aidha, akiwa amempigania Tullius na Ulfric ameuawa, ataikuta roho yake Sovngarde.

Kumaliza au kuacha

Wapo wanaoridhika kumuua Alduin na kuviacha vita vikining'inia. Kabla ya kuamua hivyo, inafaa kuusoma waraka mmoja unaopatikana katika ubalozi wa Thalmor, wakati wa jukumu la Diplomatic Immunity. Unaonyesha kwamba Thalmor hawautaki ushindi wa Ulfric wala utulivu wa Dola. Wanachotaka ni vita virefu visivyo na mshindi.

Kwa hiyo asiyechagua upande naye ana anayemnufaisha. Anayechagua pia hatoki na mikono safi. Waasi wakishinda, Jarl Balgruuf wa Whiterun huondolewa madarakani na kuishia uhamishoni Solitude, na nafasi yake huchukuliwa na Vignar Gray-Mane. Dola ikishinda, ibada ya Talos hubaki marufuku.

Hata baada ya ushindi, hakuna Mfalme Mkuu anayetawazwa mbele ya macho ya mchezaji. Suala hilo huachiwa baraza la maliwali, ambalo katika mchezo huo haliitishwi kamwe.