Mabinti Watano wa Kisumu Waliopanda Ndege

Tukitaja historia, mawazo ya wengi wetu huruka moja kwa moja mpaka Andalus na Baghdad. Leo hatuendi mbali hivyo. Twendeni Kisumu, ambako ukipanda matatu asubuhi hapa Kanduyi, upite Mumias ama uzunguke na Webuye na Kakamega, adhuhuri itakukuta huko. Na si mambo ya karne zilizopita. Ni ya mwaka 2017, na waliohusika ni wasichana wa shule ya sekondari, wa miaka 15 hadi 17, rika la wadogo zako.

Majina yao ni Stacy Owino, Cynthia Otieno, Purity Achieng, Macrine Atieno na Ivy Akinyi, wote wa Kisumu Girls. Walijiita The Restorers, yaani warejeshaji, kwa maana walitaka kumrejeshea msichana matumaini aliyonyang'anywa. Mashindano waliyoingia yanaitwa Technovation, yalianza Marekani mwaka 2010, na ni ya wasichana peke yao. Hapo huulizwi kukariri kitu. Timu inatafuta shida iliyoko katika jamii yake, inatengeneza programu ya simu ya kuitatua, inaandika mpango wa kuiendesha kama biashara, kisha inasimama mbele ya majaji kuitetea. Walisaidiwa na Dorcas Owino wa LakeHub, kituo cha teknolojia cha pale Kisumu. Mwaka huo timu iliyochaguliwa kwenda fainali kutoka Afrika nzima ilikuwa moja tu, ni hiyo yao. Fainali zilikuwa Mountain View, California, makao makuu ya Google.

Sasa shida waliyoichagua ndiyo iliyonifanya niandike. Walichagua ukeketaji. Ajabu ni kwamba wanatoka katika jamii ya Waluo, na Waluo hawakeketi wasichana. Kwao hakuna shangazi anayekuja usiku na wembe. Lakini darasani hukai na kabila lako tu. Purity Achieng alisimulia wakati ule kwamba alikuwa na rafiki yake wa karibu sana, na baada ya kukeketwa yule rafiki hakurudi shule tena. Wengi wetu jambo kama hilo tungelisikitikia siku mbili, tukasema ni mila za watu, tukaendelea na masomo. Wao wakakaa chini na kompyuta. Wakatengeneza programu inayoitwa iCut, yenye vitufe vitano: cha kuomba msaada, cha kuomba kuokolewa, cha kuripoti, cha kupata maelezo kuhusu ukeketaji, na cha kuchangia na kutoa maoni. Msichana aliye hatarini anaunganishwa na kituo cha uokozi au na vyombo vya sheria, na aliyekwisha kufanyiwa anaelekezwa pa kupata matibabu na msaada wa kisheria.

Usiseme hayo ni ya watu wa mbali. Simama hapa njia panda asubuhi kabla mawingu hayajashuka, utazame kaskazini, Mlima Elgon huo hapo. Sisi huku chini tunajua tohara ya wavulana, ile ya Agosti ya miaka ya shufwa, na nyimbo zake zinazotunyima usingizi mwezi mzima. Lakini kule juu, pande za Kopsiro na Kapsokwony na Cheptais, wako wasichana wa Kisabaoti ambao likizo ndefu kwao si raha. Hiyo ni kaunti yetu hii hii ya Bungoma, na upande wa pili wa mlima ni Trans Nzoia.

Na tusiwatupie Wasabaoti peke yao, maana na sisi Waislamu tuna letu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kule Kaskazini Mashariki, ambako karibu kila mtu ni Muislamu, zaidi ya wanawake 97 kwa kila 100 wamekeketwa. Kuna wanaosema ni dini. Wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, Novemba 2006, akiwemo Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Ali Gomaa, walitamka wazi kwamba ni mila iliyorithiwa, haina msingi katika Qur'ani wala katika Sunna iliyothibiti. Kwa Kenya nzima hesabu imekuwa ikishuka: 27 kwa kila 100 mwaka 2008 na 2009, 21 mwaka 2014, 15 mwaka 2022. Sheria ya kupiga marufuku kabisa ilipitishwa mwaka 2011.

Turudi kwa safari. Waliondoka tarehe 6 Agosti 2017. Wewe Mkenya tarehe hizo unazikumbuka vizuri. Siku mbili baadaye, tarehe 8, nchi ilikuwa kwenye foleni ya kupiga kura. Tarehe 11 usiku matokeo yakatangazwa, na mitaa ya Kisumu ikawa moshi, mawe na risasi. Yaani wiki ile ile mabinti hawa wanasimama mbele ya majaji California wakieleza vitufe vyao, mji waliotoka ulikuwa unaingia kwenye balaa. Ukiwa mgeni ugenini halafu nyumbani kunawaka, hata chakula hakipiti.

Dola 15,000 za mshindi hazikuwa zao. Walirudi bila kombe la kwanza, na nadhani hapo ndipo watu wengi walipodhani hadithi imekwisha.

Lakini kumbuka pia kwamba kufika tu si kitu kidogo. Mwezi mmoja kabla, Julai 2017, kulikuwa na mashindano mengine ya vijana, ya roboti, mjini Washington. Timu ya wasichana wa Afghanistan, kutoka Herat, ilikwenda Kabul mara mbili kutafuta viza, kilomita 800 hivi kila safari, kwa barabara zenye hatari, na mara mbili ikakataliwa. Timu ya Gambia nayo ilinyimwa kwanza. Dunia ilipopiga kelele ndipo milango ikafunguliwa, na kwa wale wa Afghanistan Rais Trump mwenyewe aliingilia. Wakaenda, wakapewa nishani ya fedha kwa ujasiri wao. Walirudi nyumbani, na tarehe 1 Agosti bomu likalipuka msikitini Herat watu wakiwa katika swala. Baba wa nahodha wao alikuwa miongoni mwa waliouawa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwaka 2021 Taliban waliporudi madarakani, baadhi ya wasichana wale walikimbilia Qatar na Meksiko, na kwao shule ya sekondari ya wasichana ikafungwa. Ewe dada unayelalamika kwamba darasa lina joto na funga imekukaza, hiyo nakuachia ufikirie mwenyewe.

Wale wa Kisumu nao, miaka miwili baada ya kukosa zawadi ya California, jina lao likasikika Strasbourg. Bunge la Ulaya lina Tuzo ya Sakharov, ambayo mwaka 1988, mara ya kwanza kutolewa, alipewa Nelson Mandela akiwa bado gerezani. Mwaka 2019 The Restorers waliingia fainali ya tuzo hiyo pamoja na watetezi wa haki kutoka Brazil na mwalimu wa Kiuighuri, Ilham Tohti, ndugu yetu Muislamu aliyefungwa maisha nchini China mwaka 2014. Tuzo ilimwendea Tohti, na binti yake ndiye aliyekwenda kuipokea. Hebu fikiria orodha ile: wasichana watano wa sekondari ya hapo Kisumu, jina moja na mtu kama huyo.

Kuna wanaobeza. Wanasema mtoto wa miaka 12 kule Kopsiro hana simu ya kubonyeza kitufe chochote, na shule zetu za bweni zenyewe simu ni marufuku. Ni kweli, na programu pekee yake haiokoi mtu kama upande wa pili hakuna wa kupokea. Lakini mwalimu wake anayo simu. Mwenye duka anayo. Mjomba aliyesikia mipango ikipangwa jikoni anayo, na mara nyingi anayekosekana si mwenye simu bali mwenye kuthubutu. Na kwa asiye na simu ya kisasa iko nambari 116, ya kuwasaidia watoto Kenya nzima, usiku na mchana, unapiga bila kutozwa hata senti moja. Iandike nyuma ya daftari la mdogo wako kabla shule hazijafungwa kwa likizo ndefu.