Nani alilipia dozi ya kwanza?

Mwaka 2005, wauguzi katika baadhi ya zahanati za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, walianza kuwapa watoto wachanga dawa ya malaria aina ya SP siku ileile walipoletwa kliniki kuchanjwa. Watoto hao hawakuwa wagonjwa; walipewa dozi ili wasiugue. Kwa familia za ukanda huu, lilikuwa jambo jipya. Fedha zilizolifikisha kwao, hata hivyo, zilikuwa zimesafiri safari ndefu.

Mwanzo wake ni Ifakara. Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika katika bonde la Kilombero kuchunguza magonjwa ya kitropiki, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo. Uswisi iliendelea kuigharimia kwa miongo mingi, wakati ambapo hakuna aliyeweza kuahidi kwamba ingezaa tiba. Mwaka 1996 ikawa taasisi ya Kitanzania, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara na wa Barcelona, Hispania, akiwemo Clara Menéndez, waliwapa watoto wachanga dawa ya kinga ya malaria mfululizo. Malaria na upungufu wa damu vilipungua sana, lakini dawa iliposimamishwa malaria ilirudi kwa nguvu. Hapo likazaliwa swali jipya: je, dozi chache tu, zikitolewa pamoja na chanjo, zingetosha?

Swali hilo lilijaribiwa Ifakara kwa watoto 701, waliopewa dozi wakiwa na miezi 2, 3 na 9. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliopata SP waliugua malaria kwa asilimia 59 pungufu kuliko wenzao, na upungufu mkubwa wa damu ulishuka kwa nusu.

Ndipo fedha nyingi zikaja. Mwaka 2003 mfuko wa Bill na Melinda Gates wa Marekani ulitangaza dola milioni 28 za kupima mbinu hiyo katika nchi kadhaa. Kusini mwa Tanzania zilichaguliwa wilaya tano: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Kati ya tarafa zake 24, nusu zilipangiwa kwa kura kuanza kutoa dozi, na nusu zikabaki za kulinganishia.

Majibu ya Kusini hayakung'aa kama ya Ifakara. Si watoto wote waliofikiwa, na vimelea vya malaria vilikuwa vimeanza kuizoea SP. Utafiti wa Korogwe uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba huko dawa hiyo haikuwakinga tena watoto wachanga. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mbinu hiyo kwa maeneo ambako usugu bado ni mdogo. Tanzania haikuifanya kuwa huduma ya nchi nzima.

Je, fedha zilipotea? Hapana. Nchi iliepushwa kusambaza kila zahanati dozi iliyokuwa ikipoteza makali. Wilaya zetu nazo zilibaki na watu waliozoea kazi ya utafiti. Miaka michache baadaye wilaya hizohizo, pamoja na Mtwara Vijijini, zilishiriki mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, ambapo watu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi majumbani. Vifo vya watoto wachanga havikupungua kama ilivyotarajiwa, lakini matunzo ya nyumbani yaliboreka.

Doa liko kwa mlipaji. Uswisi, Hispania na Marekani zimetajwa. Bajeti ya Tanzania inaonekana kwa nadra. Mwaka 2007, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika walihimiza kila nchi itenge walau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Anayelipia utafiti wa mwanzo ndiye anayechagua swali litakaloulizwa, na mfadhili akibadili mawazo, swali hufa hata kama watoto bado wanaugua.

Wabunge wa Lindi na Mtwara wana hoja ya kupeleka Dodoma: fungu la kudumu la utafiti wa awali wa afya, hata likianza dogo. Watoto wa Kusini wameisaidia dunia kupata majibu. Sasa nchi yao igharimie maswali yao.