Owen wa Kavirondo na kalamu iliyowachoma masetla

Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika na kuchimbua mashamba ya watu. Mwaka mmoja tu nyuma, 1930, serikali ya Nairobi ilikuwa imeahidi kwa sheria kwamba ardhi waliyotengewa Waafrika itabaki yao daima, na ikichukuliwa watafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 ahadi hiyo ilivunjwa haraka haraka: fidia ikawa fedha, na baraza la wenyeji halikuhitaji tena kuulizwa.

Miongoni mwa waliopinga alikuwamo Mzungu, Walter Edwin Owen, shemasi mkuu wa Kavirondo, jina la zamani la eneo la magharibi mwa Kenya, tangu 1918. Misheni ya Kianglikana ya CMS ya Butere, iliyoanzishwa na Walter Chadwick mwaka 1912, ilikuwa katika eneo lake. Uandishi wa habari haukuwa ajira yake, ila kazi hiyo aliifanya, tena vizuri kuliko wengi waliolipwa mshahara. Alisikiliza waumini, akakusanya ushahidi, kisha akaupeleka katika gazeti la Manchester Guardian, Uingereza.

Kwa nini huko? Kwa sababu Nairobi milango ilifungwa. Katika Baraza la Kutunga Sheria hapakuwa na Mwafrika hata mmoja hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Lakini habari ikichapishwa Uingereza na swali likiulizwa Bungeni London, gavana alilazimika kujieleza.

Aliandika kuhusu wanawake na watoto waliolazimishwa kutengeneza barabara, na wajane waliodaiwa kodi ya vibanda. Mwaka 1938 aligeukia watoto wadogo waliochuma chai katika mashamba makubwa, huku sheria ikiruhusu kuajiri mtoto wa miaka 10. Haya yote yalitendeka katika nchi ambayo mwanamume Mwafrika alivishwa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, na Mzungu hakuhitaji chochote. Masetla walimchukia, wakamwita shetani mkuu. Naamini chuki hiyo ndiyo ithibati ya kazi yake.

Hata hivyo, lazima tutazame na upande wake wa pili. Vijana wa Kavirondo walikuwa wameunda chama chao tangu 1921, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti, wakidai haki kwa sauti kubwa. Mwaka 1923 Owen alikiongoza, kikawa chama cha ustawi wa walipa kodi, na wanachama wakaapa kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Vyoo ni vyema, lakini si jibu la ardhi iliyochukuliwa. Aliwatetea watu kwa dhati, na wakati huohuo akashika usukani waliokuwa wameanza kuushika wenyewe.

Watu wa kaskazini mwa Kavirondo, Butere ikiwamo, hawakusubiri. Katika miaka ya 1930 baadhi yao waliunda North Kavirondo Central Association, wakalibeba suala la ardhi kwa majina yao wenyewe.