Kompyuta ya Kipande Kimoja na Kompyuta ya Vipande

Mvuvi wa Hori ya Mida akivunjikiwa na kafi, hununua kafi, hanunui mtumbwi. Mkulima wa Dabaso mpini wa jembe lake ukikatika, huchonga mpini mwingine, na chuma kile kile alichokipata kwa baba yake kikaendelea kulima. Mambo haya ni madogo, na kila mtoto wa pwani ameyaona tangu utotoni. Walakini ndani yake mna swali kubwa ambalo wenye kuunda vyombo wamebishana juu yake kwa muda mrefu: je, ni bora chombo kiwe kitu kimoja kilichofungamana, au kiwe vipande vinavyoungana na kuachana?

Katika insha hii tutalitazama swali hilo kwa kufuata historia ya kompyuta ya mezani. Kompyuta hiyo huuzwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya kipande kimoja, ambayo mtambo wake wote umefichwa nyuma ya kioo, hata mtu asiyejua hudhani kwamba anatazama televisheni tu. Namna ya pili ni ile ya vipande: kioo peke yake, na kando yake kisanduku chenye mtambo, ambacho mafundi wetu hukiita sipiyu, vyote viwili huunganishwa kwa waya. Shule inayotaka kununua kompyuta hukutana na njia panda hiyo, na kosa la siku moja ya kununua huweza kulipwa kwa miaka mingi ya kujuta.

Hapo mwanzo kompyuta haikuwa na kioo kabisa. Mtambo ulioitwa ENIAC, uliotangazwa Marekani mwezi wa Februari 1946, ulikuwa na valvu zaidi ya 17,000 na uzito wa tani zipatazo 30. Ulijaza chumba kizima, na majibu yake yalitolewa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Kioo kilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1897 Mjerumani Ferdinand Braun alibuni chupa ya kioo isiyo na hewa, ambayo ndani yake miali ya umeme hupiga upande wa mbele na kuung'arisha. Chupa hiyo ikawa mama wa televisheni, na baadaye ikaposwa na kompyuta. Kwa hiyo kioo na mtambo havikuzaliwa pacha. Vilizaliwa mbali mbali, kila kimoja kwa haja yake, kisha vikaozeshwa. Na ndoa ikishafungwa, watu huuliza kama maarusi wakae chumba kimoja au kila mmoja awe na chake.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia chini ya uongozi wa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini kwa ajili ya kurusha roketi. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mafundi wale hawakuweka kila kitu juu ya jukwaa moja. Roketi ilisimama juu ya jukwaa la San Marco, na mitambo ya kuiongoza ilikaa juu ya jukwaa la pili, Santa Rita, nayo majukwaa hayo yakaunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Sababu yake ni wazi: roketi ikilipuka, watu na vyombo vyao wasiteketee pamoja nayo. Hapo twajifunza hoja ya kwanza ya wapendao kutenganisha, yaani kwamba msiba wa upande mmoja usiwe msiba wa pande zote.

Mwaka 1977 kompyuta ilianza kuingia majumbani na mashuleni huko Marekani, na tangu mwaka huo huo njia zikagawanyika. Commodore PET ilitoka kiwandani ikiwa na kioo, kibodi na mtambo katika umbo moja. Apple II haikuwa na kioo. Mnunuzi aliiunganisha na televisheni yake au akanunua kioo cha kando. Basi mabishano tunayoyasikia leo madukani yalianza siku ile ile kompyuta ndogo zilipoanza.

Kampuni ya IBM ilijitosa tarehe 12 Agosti 1981. Kompyuta yake ilikuwa ya vipande: kisanduku, kioo na kibodi, kila kimoja mbali. Tena IBM, kwa kuwa ilikuwa na haraka, ilinunua sehemu nyingi kwa watu wengine, ikapata kiini cha mtambo kwa Intel na programu ya uendeshaji kwa Microsoft, kisha ikachapisha maelezo ya ufundi wa mashine hiyo. Makampuni mengine yalisoma, yakaelewa, yakatengeneza mashine zilizokubaliana nayo. Mwaka 1987 IBM ilileta tundu la kuungia kioo lenye pini 15, liitwalo VGA, na dunia nzima ikalifuata. Tundu hilo dogo lilifanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Kwa sababu yake, kioo kilichotengenezwa na kiwanda kimoja kiliweza kuungwa na kisanduku cha kiwanda kingine, na kioo kikuukuu kikaungwa na mtambo mpya. Ushindi wa kompyuta ya vipande haukuletwa na kutengana peke yake, bali na mapatano. Vipande visivyopatana si chombo, ni takataka.

Upande wa pili haukulala. Tarehe 24 Januari 1984 Apple ilitoa Macintosh, kompyuta ya kipande kimoja yenye kioo cha inchi 9, kwa bei ya dola 2,495. Ilikuwa nyepesi kubebwa, na mtu asiye fundi aliweza kuichomeka katika umeme na kuanza kazi. Lakini kasha lake lilifungwa kwa skrubu za namna ya pekee zilizohitaji bisibisi ndefu maalumu, kana kwamba mwenye kuiunda amemwambia mnunuzi: hiki ni chako kukitumia, si chako kukifungua. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilitoa iMac ya kwanza, ya rangi ya samawati ipenyayo mwanga, kwa dola 1,299. Watu waliipenda kwa uzuri wake, nayo ikaiinua kampuni iliyokuwa imeelemewa na hasara. Mwaka 2004 kioo bapa kilikuwa kimeshashika mahali pa ile chupa nzito ya Braun, na mtambo wote ukaweza kufichwa nyuma yake. Kutoka hapo makampuni mengi yakaiga, na namna ya kipande kimoja ikaenea katika mabenki, mahoteli na maofisi.

Sasa na tupime, kwa maana mpima haki huweka mawe katika vitanga vyote viwili. Kompyuta ya kipande kimoja ina sifa za kweli. Haichukui nafasi kubwa mezani. Nyaya zake ni chache, kwa hiyo hakuna mguu wa mtoto utakaonasa na kuangusha mali. Nyingi zake zimeundwa kwa sehemu za namna ya kompyuta za mapajani, hivyo hutumia umeme kidogo, na hilo si jambo dogo kwa nyumba inayotegemea jua juu ya paa. Karani wa hoteli ya Watamu, mwenye meza finyu na wageni wanaomkabili, hana haja ya kisanduku miguuni pake.

Lakini ina aibu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu zake hazizeeki pamoja. Kioo kizuri huweza kudumu miaka kumi na zaidi, hali mtambo huchakaa upesi kwa sababu programu mpya kila mwaka hudai nguvu zaidi. Katika mashine ya kipande kimoja, mtambo ukizeeka, kioo kizima huzikwa pamoja nao. Baadhi ya iMac zilizotengenezwa kati ya mwaka 2009 na 2014 ziliweza kugeuzwa kuwa kioo cha kompyuta nyingine. Zilizofuata zikanyimwa uwezo huo. Aibu ya pili ni ugumu wa kutengenezwa. Tangu mwaka 2012 vioo vya iMac vimekuwa vikibandikwa kwa gundi, na katika zile za mwaka 2021, zenye unene wa milimita 11.5, kumbukumbu imeunganishwa na kiini cha mtambo, haiwezi kuongezwa wala kubadilishwa. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake: muuzaji ana faida mashine nzima inaponunuliwa upya, na mnunuzi ana faida kipande kimoja kinapobadilishwa.

Haya tuyalete nyumbani. Tuseme kwamba shule moja ya Dabaso ina wanafunzi 40 wa somo la kompyuta, na fedha za kununua mashine 10. Wanafunzi wanne watakaa mbele ya kila mashine. Hewa ya huku ina chumvi ya bahari, na chumvi hula chuma. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Baada ya miaka michache, tuseme, vioo viwili vimekufa, na mitambo miwili, katika mashine nyingine, imeungua. Ikiwa mashine ni za kipande kimoja, nne zimepotea na sita zimebaki. Wanafunzi wapatao saba watabanana mbele ya kila moja. Ikiwa ni za vipande, mwalimu atachukua vioo vinane vizima na visanduku vinane vizima, aviozeshe, apate mashine nane. Wanafunzi watano kwa kila moja. Misiba ni ile ile, hesabu ni mbali mbali.

Tofauti ya mashine mbili huenda ikaonekana ndogo kwa mtu wa mjini. Lakini mtahiniwa wa somo la kompyuta katika mtihani wa kidato cha nne hupimwa kwa vitendo pia, na mikono haijifunzi kwa kutazama mabega ya mwenzake. Kijana ambaye nyumbani kwao hamna kompyuta hana mahali pengine pa kujizoeza ila pale shuleni. Saa yake moja ikipungua kuwa nusu saa, imepungua kutoka katika mustakabali wake. Hilo ndilo jambo lililo hatarini katika uchaguzi huu, wala si uzuri wa meza.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni taka. Taarifa ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika mwaka 2022 wanadamu walitupa vyombo vya umeme na elektroniki vya uzito wa tani milioni 62, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Ndani ya vyombo hivyo mna risasi, zebaki na sumu nyingine. Watu wanaoishi kando ya mikoko ya Mida, ambao chakula chao hutoka katika maji hayo, wana haki ya kuuliza kila chombo kiingiacho kwao kitakwenda wapi siku ya kufa kwake. Kipande kinachobadilishwa ni taka ya kipande. Mashine nzima inayotupwa ni taka ya mashine nzima.

Je, tuhukumu kwamba kompyuta ya vipande ni bora daima? La. Hukumu ya namna hiyo ingekuwa ya haraka. Mahali penye nafasi ndogo, umeme mchache na fundi wa karibu, ile ya kipande kimoja yaweza kufaa zaidi. Hata ile ya vipande haina maana kwa mtu anayenunua kisanduku ambacho matundu yake hayapatani na kioo alicho nacho. Mwenye busara hujiuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: nikivunjikiwa na sehemu moja, nitabakiwa na nini? Ni nani atakayetengeneza, na yuko umbali gani? Na mtambo ukizeeka, ni kitu gani ndani yake kitakachoendelea kunifaa? Mtu asiyejiuliza hayo hununua kwa macho, na macho hudanganyika.

Kizuri chajiuza, walisema wazee, na dukani ni kweli. Lakini chombo hakiishi dukani. Huishi kwa mwenye kukitumia, katika chumvi, vumbi na giza la umeme uliokatika. Mvuvi wa Mida hakusoma habari za Macintosh wala za IBM, ila anapotoka alfajiri huweka kafi la akiba chini ya mtumbwi. Naye akivunjikiwa katikati ya hori, hupiga kafi la pili, akarudi pwani na samaki wake.