Gurudumu la Hamburg na Nyota ya Niesky

Katika vijiji vingi neno hili husikika kila mwaka mvua zinapoanza na siku kuu ya Noeli inapokaribia: "Twawapeleka watoto shule wasome, nao waalimu wawapa mkasi na karatasi." Wazazi wasemao hivyo hawasemi kwa ubaya. Wengine wameuza kuku ili wanunue madaftari, nao wataka kuona madaftari yamejaa maandishi, si vipande vya karatasi vimetapakaa sakafuni. Sisi waalimu hatuna budi kuwajibu, na jibu lililo jema ni kueleza asili ya mambo hayo: yalianzia wapi, nani aliyeyaanzisha, na kwa haja gani. Maana yako mambo mawili ambayo Wakristo wa nchi nyingi huyaona leo kuwa mapambo tu ya siku kuu, yaani taji ya mishumaa ya Majilio na nyota ya karatasi yenye ncha nyingi. Hakuna hata moja lililozaliwa dukani. Yote mawili yalizaliwa mahali pa kufundishia watoto, na waliowafundisha walikuwa wakitafuta dawa ya taabu fulani.

Tuanze na taji. Hamburg ni mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Huko ndiko alikozaliwa Johann Hinrich Wichern, tarehe 21 Aprili 1808. Baba yake alifariki yeye akiwa kijana wa miaka 15, na kwa kuwa alikuwa kifungua mimba ilimpasa kufundisha watoto wa watu ili mama yake na wadogo zake wapate chakula. Baadaye alisoma elimu ya dini huko Göttingen na Berlin, akarudi kwao, na mwaka 1832 akawa mwalimu wa shule ya Jumapili katika mtaa wa St. Georg. Kazi ile ilimpeleka mpaka nyumbani kwa watoto, na alichokiona vichochoroni hakikumwacha alale. Aliona watoto wasio na mtu wa kuwaangalia, wengine wamekwisha kuzoea wizi, na wengine wakikaa chumba kimoja na wazazi waliokata tamaa.

Mwaka 1833 alipewa nyumba kuukuu ya kuezekwa, katika kijiji cha Horn nje ya mji, iitwayo Rauhes Haus. Akahamia humo pamoja na mama yake na dada yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwamo wavulana 12. Hapakuwa na ukuta wala komeo la kuwazuia wasitoroke. Waliishi kwa jamaa ndogo ndogo, kila jamaa ikiwa na ndugu mkubwa wa kuitunza, wakajifunza kusoma, kulima na kazi za mikono. Baadaye kikawapo hata kiwanda cha kupiga chapa, na tangu mwaka 1844 nyumba ile ilikuwa na gazeti lake, hata twaweza kusema kwamba gazeti la namna hii mnaloshika mkononi lina ndugu mkubwa huko Horn.

Sasa, mtoto aliyezoea kudanganywa hajui kungoja. Mwalimu yeyote aliyepata kumfundisha yatima aliyehamishwa nyumba hata nyumba ajua jambo hili. Ukimwambia kwamba siku kuu iko majuma manne mbele, kwake ni sawa na kumwambia kwamba haipo. Ameahidiwa mengi, na mengi hayakuja. Husimuliwa kwamba wavulana wa Wichern walimwuliza kila siku kama Noeli imefika. Hakuwakemea. Mwaka 1839 alitwaa gurudumu kuukuu la gari, akalitundika katika ukumbi wa sala, akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne myeupe kwa ajili ya Jumapili nne za Majilio, na midogo 20 myekundu kwa ajili ya siku za kazi. Kila siku uliwashwa mshumaa mmoja zaidi. Mtoto asiyejua kusoma kalenda aliweza kuinua macho akaona siku ngapi zimepita na ngapi zimesalia, na ya kwamba mtu mzima alichoahidi jana, leo amekitimiza.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini 20? Hapa ndipo penye somo la hesabu, na tumeona watoto wa darasa la nne wakilifurahia. Mwaka 1839 Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 1 Desemba. Tokea siku hiyo hata mkesha wa Noeli ni siku 24. Ukitoa Jumapili nne zasalia 20. Lakini hesabu hii haikai mahali pamoja. Mwaka 2022 Noeli iliangukia Jumapili, basi Majilio yalianza tarehe 27 Novemba, na mishumaa midogo ingekuwa 24. Mwaka 2023 Noeli iliangukia Jumatatu, na Jumapili ya nne ya Majilio ndiyo iliyokuwa mkesha wenyewe. Mishumaa midogo ingekuwa 18 tu. Haiwezi kupungua chini ya hapo, wala kuzidi 24. Mwambie mtoto atafute sababu mwenyewe, usimpe jibu, nawe utaona kwamba kalenda ya ukutani imekuwa kitabu kwake.

Yafaa pia kukumbuka nchi yenyewe. Mwezi wa Desemba huko Hamburg jua huchomoza yapata saa mbili u nusu asubuhi, na kuchwa saa kumi alasiri. Mchana hautimizi saa nane. Mshumaa mmoja unaoongezwa kila siku katika giza la namna ile haukuwa pambo. Watoto waliuona mwanga ukikua chumbani siku zile zile ambazo nje ulikuwa ukipungua.

Desturi ile ilitoka Horn ikaenea polepole. Majani mabichi ya misonobari yaliongezwa baadaye, na kwa kuwa gurudumu zima haliwezi kukaa katika nyumba ya mtu wa kawaida, watu waliiacha mishumaa midogo wakabaki na ile minne ya Jumapili. Hivyo ndivyo taji inavyoonekana leo katika makanisa mengi. Kwa maoni yetu waliacha kilicho bora zaidi. Mishumaa minne ni ukumbusho mzuri, lakini ile midogo ndiyo iliyokuwa mwalimu, kwa sababu ilimpa mtoto kazi ya kila siku. Waliolielewa jambo hili vizuri zaidi ni akina mama wa Kijerumani wasio na fedha, ambao katika karne ile ile walichora mistari 24 ya chaki mlangoni, na mtoto akafuta mmoja kila siku. Kutokana na desturi za namna hiyo ndipo Gerhard Lang wa mji wa München, mwanzoni mwa karne ya 20, alipoanza kupiga chapa kalenda za Majilio za kuuza. Mwenye chaki hakuhitaji kununua.

Nyota nayo ina habari yake, na ndani yake mna machozi zaidi.

Mwaka 1722 wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya dini yao walipewa mahali pa kukaa katika shamba la Bwana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani. Kijiji kile kidogo kilianza kutuma watu mbali sana. Mwaka 1732 wawili wa kwanza walisafiri kwenda kisiwa cha St. Thomas, kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Mwaka uliofuata wengine wakaenda Greenland kwenye barafu. Na mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake walifika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa. Wasomaji wetu wa Mbeya na Tabora hawahitaji kuelezwa Wamoravian ni nani.

Lakini watu wasomapo habari za wamisheni, ni mara chache waulizapo watoto wao walikuwa wapi. Desturi ilikuwa hii: mtoto akifika umri wa kusoma, alitengwa na wazazi wake, akapelekwa Ujerumani katika shule za bweni za kanisa, kama ile ya Kleinwelka na ile ya Niesky. Baba na mama walibaki kisiwani au barafuni. Barua ilikwenda kwa merikebu, na jibu lilirudi baada ya miezi mingi. Wako watoto waliopanda merikebu wakiwa wadogo wasiwaone wazazi wao tena hata kufa. Twaweza kubishana kama desturi ile ilikuwa ya haki. Sisi twaona haikuwa; lakini kazi yetu hapa ni kueleza waalimu wa shule zile walifanya nini na watoto waliokabidhiwa.

Huko Niesky, mwanzoni mwa karne ya 19, nyota ilianza kama somo la maumbo. Mwalimu yeyote ajua ugumu wa somo lile. Ubao ni bapa. Ukichora juu yake mche au piramidi, mtoto aona mistari tu. Basi waliwapa wanafunzi karatasi wazikate na kuzikunja mpaka umbo lisimame mezani, kisha wayaunganishe maumbo mengi kuwa kitu kimoja chenye taa ndani. Mwezi wa Januari 1821 ilitundikwa katika ua wa shule ile nyota yenye ncha 110. Ikawa desturi kwamba Majilio yanapoanza, katika majuma ambayo mtoto wa bweni huikumbuka nyumbani kuliko wakati wowote, vyumba vyao vijae karatasi nyeupe na nyekundu na gundi, na mikono yao isikae bure. Nao waliporudi kwa jamaa zao, waliorudi, walikwenda na ufundi ule, na kwa njia hiyo nyota ikaenea.

Nyota izoeleweka leo ina ncha 25, na inafaa tuieleze, maana yaweza kufanywa katika shule yoyote iliyo na karatasi ngumu. Katikati kuna umbo lenye nyuso 26: nyuso 18 za mraba na 8 za pembetatu. Kila uso hubeba ncha yake, isipokuwa mraba mmoja wa juu, ambao huachwa wazi ili taa na kamba vipite. Hivyo ncha zenye tako la mraba ni 17, na zenye tako la pembetatu ni 8. Waulize watoto: ncha ya mraba ina mbavu nne, na ya pembetatu ina mbavu tatu, je, zote pamoja ni ngapi? Ni 68 na 24, jumla 92. Mbavu moja ikikatwa vibaya, ncha haitasimama, na mtoto hatahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba amekosea.

Kwa miaka mingi nyota hizi zilitengenezwa kwa mikono tu. Yapata mwaka 1880 Pieter Hendrik Verbeek, aliyekuwa mwanafunzi wa Niesky, alianza kuzitengeneza na kuziuza katika duka lake la vitabu, na tangu mwaka 1897 zimekuwa zikitengenezwa Herrnhut kwa biashara. Jamaa yake walizidi kuiboresha nyota ile, hata ikaweza kufunguliwa vipande vipande na kupelekwa kwa posta.

Je, mambo haya yatufaa huku kwetu? Twaona yafaa, lakini si kwa kuyaiga yote. Tumepata kuona darasa limebandikwa pamba dirishani kuwa theluji, na nje mvua ya kwanza inanyesha juu ya paa la bati kiasi cha watoto kutomsikia mwalimu. Huko ni kufundisha majira ya nchi nyingine na kuyaacha ya kwetu mlangoni. Katika nyanda za juu za kusini na katikati ya Tanzania, Majilio ndiyo wakati wa kupanda. Kungoja kwetu ni kungoja mbegu. Mwalimu aweza kutwaa gurudumu la baiskeli lisilo na mpira, akalitundika, na badala ya mshumaa mtoto afunge kila siku ugwe mmoja: mweupe siku ya mvua, mwekundu siku ya jua, tangu siku ya kupanda mahindi mpaka siku ya palizi la kwanza. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na habari za mvua ambazo hata wazee watakuja kuziuliza. Mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Katika shule nyingi jembe lilikuja peke yake, bila daftari, na watoto wakaliona shamba kuwa adhabu. Ugwe na gurudumu ni kitu kidogo, lakini huirudisha hesabu shambani.

Nyota nayo ifanywe Novemba, kabla shule hazijafungwa, ili kila mtoto aende nayo kwao. Karatasi za mifuko ya saruji, zikikung'utwa vizuri nje na mtu mzima aliyejifunga kitambaa puani, zina ugumu wa kutosha. Mkasi ukikosekana, wembe mmoja ushikwe na mwalimu mwenyewe. Ndani iwekwe taa ndogo ya betri, si mshumaa kabisa, kwa kuwa karatasi kavu chini ya paa la nyasi ni hatari. Gundi ya uji mzito wa unga wa muhogo yashika vema, ila nyota itundikwe juu, mbali na panya.